Maoni Yametolewa

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nimekuta karatasi imebandikwa kwenye kilango cha kuvukia reli kwa miguu. Baraza la mji linakusudia kukifunga. Sababu: usalama. Wananchi watoe maoni kwenye ukurasa wa baraza mtandaoni, mwisho Ijumaa jioni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za kuchungulia: ukimya utahesabiwa kuwa ni kukubali.

Nimesoma mara mbili, mashati ya watu begani. Mimi ni dobi. Upande huu wa reli kuna mtaa wetu na kibanda changu. Upande wa pili kuna hospitali, hospitalini kuna wauguzi, wauguzi wana sare nyeupe, na sare nyeupe ndizo zinazonilisha. Kilango kikifungwa, muuguzi atazunguka hadi daraja la magari. Na pale darajani kuna dobi mwingine mwenye mashine inayofua, inakausha na kuimba ikimaliza. Sina la kusema juu yake.

Halafu kuna Mama mkwe. Anaishi nasi. Goti lake linafanyiwa mazoezi hospitalini kila Jumanne na Alhamisi. Anapita kilangoni kwa mwendo wake wa taratibu, anarudi bado ana nguvu za kunikosoa. Akizungushwa hadi darajani, hafiki. Au atafika siku ambayo wenyewe wamefunga.

Watu walijaa pale, kila mmoja na hasira zake. Kinyozi alisema watu wa baraza wana miguu ya kukanyagia breki tu. Mama wa duka la dawa alisema wamelala na akili zao zimekoroma. Nikauliza nani atayaandika hayo mtandaoni. Wote wakaangalia viatu vyao. Kinyozi akaniambia, baba, kuandika tutaandika, shida ni nani atasoma.

Hapo nikaiona nafasi yangu. Mtaa unahitaji kiongozi. Bahati mbaya Sentimita naye ameiona. Sentimita ni fundi cherehani wa kibanda cha pili, hata akienda kula tepu ya kupimia iko shingoni. Mkewe na mke wangu ni tumbo moja, kwa hiyo mimi na yeye tunaitana mwanyumba. Tuna mkwe mmoja. Tangu tuoe tunagombania sifa kutoka kwake na hadi leo hakuna aliyepata.

Jioni niliandika maoni yangu. Marefu. Nilianza na historia ya reli. Juu ya ukurasa pameandikwa kwa herufi kubwa: TOA MAONI YAKO. Chini ya kisanduku kuna vitufe viwili, cha kijani WASILISHA, cha kijivu TOA. Nikatafakari. Kuwasilisha ni mambo ya waheshimiwa. Mtu huwasilisha bajeti, huwasilisha hati za utambulisho. Sisi wananchi wa kawaida tunatoa. Nikabonyeza TOA. Kisanduku kikawa cheupe, yakaja maneno: Asante. Maoni yametolewa.

Nilijisikia raia, kuanzia utosini hadi unyayoni.

Haraka haraka nikatuma maelekezo kwenye kundi la simu la mtaa, kabla Sentimita hajaipata miwani yake. Andikeni, kisha bonyezeni TOA. Kile cha kijani msikiguse. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea na ana tabia ya kuuliza, aliuliza kama nina uhakika. Nimemwambia hii ni siasa.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua ukurasa kabla ya chai. Maoni ya mtaa wetu: hakuna. Kuna mtu mmoja tu wa mtaa mwingine kaandika "habari za asubuhi". Nikajipa moyo, maana ukurasa unasema maoni yataonekana baada ya ofisi kuyapitia. Yangu ni marefu. Lazima wanayapitia kwa zamu.

Saa nne: hakuna. Saa sita: "habari za asubuhi" amejibiwa "nzuri".

Nikapita mtaani kuuliza. Kinyozi aliapa ameshatoa. Mama wa duka la dawa aliapa ameshatoa, tena kwa machozi. Muuza magazeti alisema katoa mpaka kidole kimepata ganzi. Sijawaamini hata mmoja. Nimeishi na watu hawa muda mrefu. Wanaweza kukuapia kwamba suruali ni yao na mfukoni kuna kitambulisho cha mwenzao.

Basi nikalitafakari swali kubwa: ni nini kinachomfanya raia ashiriki siasa mtandaoni? Nimefikiri huku nikipiga pasi kola, kola husaidia kufikiri. Jibu nikalipata. Raia anataka kitu mkononi.

Nikatangaza kundini: atakayenionyesha kwenye simu yake yale maneno "maoni yametolewa", nitampigia pasi nguo moja bure.

Hadi mchana mstari ulikuwa umefika kwa Sentimita. Watu wanaandika hapo hapo mbele yangu, wanabonyeza TOA, wananionyesha, wanapewa shati lao. Halafu wanarudi nyuma ya mstari. Kinyozi katoa maoni kwa shati, kwa suruali na kwa taulo zote za kinyozini. Mama wa duka la dawa kaleta mapazia. Nilimwambia pazia si nguo. Akanijibu kwamba dirisha linalivaa, shemeji, sasa wewe unataka lisimame uchi?

Mgongo wangu haunyooki. Lakini nimewaona kwa macho yangu, wananchi wakitoa. Mama mkwe, aliporudi kutoka hospitalini, alisimama kuangalia, kisha akauliza hawa watu wanatoa maoni ya nani. Nikamwambia yao wenyewe. Akasema basi ni makubwa, akaingia ndani.

Jumatano, 5 Machi

Ukurasa: hakuna. Hata moja. "Habari za asubuhi" sasa ana marafiki wawili na wameanza kuulizana habari za familia.

Nimekasirika nikaunguza mkono wa koti la daktari. Nimelipeleka kwa Sentimita alishone upya. Alilishona huku akipiga mluzi, mluzi mrefu wa mtu mwenye furaha. Akaniambia, mwanyumba, watu hawanunuliwi kwa pasi. Nikamuuliza wananunuliwa kwa kitu gani basi. Akasema kwa vipimo. Asubuhi ameenda na tepu yake kupima njia ya kuzungukia darajani, akapima mpaka polisi wa barabarani akamuuliza anamshonea nani barabara. Ameweka vipimo kundini. Watu wamemsifu. Mke wangu pia ameweka kidole cha kusifu. Mke wangu mwenyewe, wa ndoa.

Kwa hiyo nimebadili mbinu. Raia hahitaji kitu mkononi, anahitaji mjadala. Watu wakiona wawili wanabishana, hakuna anayebaki kimya. Nikaazima simu ya zamani ya mke wangu, nikatafuta na nyingine ya mteja aliyeisahau mfukoni mwa suruali, nikaingiza watu wapya wawili kundini: Mwananchi Mpole na Mwananchi Mkali. Mpole aseme kilango kifungwe, Mkali ampinge. Wote mimi.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mpole alisema usalama kwanza. Mkali alimuuliza kama usalama utambeba mgonjwa mgongoni. Kundi likachangamka. Kinyozi akamuunga mkono Mkali. Sentimita akamuunga mkono Mkali, akasema angalau kuna mtu mmoja mwenye akili katika mtaa huu. Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Ndiyo sifa ya kwanza kutoka kwa Sentimita na siwezi kuidai.

Mkali alizidi kung'ara. Aliandika vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Watu wakaanza kupendekeza Mkali awe msemaji wa mtaa. Nikaona wivu, nikaingia kwa jina langu kumpinga. Mkali akanijibu vibaya sana. Nilipotaka kumjibu na mimi, simu tatu mezani na pasi katikati, nikakosea nikaandika kama Mpole: "Mkali, usinitukane, mimi ndiye niliyekuanzisha."

Halafu mama wa duka la dawa akauliza, shemeji, mko wangapi humo ndani?

Mwenye simu iliyosahauliwa amekuja kuichukua. Alikuta ujumbe mwingi wa pongezi. Kashukuru kwa mshangao, kalipia suruali, kaondoka anatabasamu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sikutaka kutoka. Nimetoka kwa sababu ya sare. Kila anayepita ananisalimia mara tatu, moja kwa kila mmoja wetu.

Nimeshakata tamaa na wananchi. Nilikuwa nampa Mama mkwe hotuba hiyo alipokuwa anafunga viatu kwenda hospitalini. Nimemwambia watu wetu siasa wanaitaka vibarazani na vijiweni, ukiwaambia waandike wanakimbia. Nikamuuliza hata yeye mwenyewe ametoa maoni? Alisema hapana. Alifungua huo ukurasa tangu Jumatatu, akaona neno TOA, akauacha. Kasema, mkwe, mimi sikulelewa hivyo, maoni ya watu yamekaa zake kimya, niyatoe yamenikosea nini?

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kumbe mama kaufungua tena akiwa anasubiri zamu yake hospitalini. Pembeni ya kisanduku kuna picha ya kipaza sauti. Hiyo haina neno lolote la kumtia mashaka. Kaibonyeza akazungumza, ujumbe ukaenda wenyewe. Nimeusikiliza baadaye, naunakili hapa kwa sababu sijasikia hotuba fupi kama hiyo: "Watoto wa baraza, hamjambo. Mimi ni bibi wa goti. Napita kwenye kilango chenu kwenda kwa daktari. Nauliza tu, mkishakifunga, mimi nipite wapi? Mnijibu kabla ya Jumanne, nisije nikavaa viatu bure."

Hakupinga. Hakuomba. Kauliza njia.

Saa nane wakamjibu. Sauti ya dada mmoja wa ofisi ya mawasiliano, sauti ya mtu aliyekaa wima. Mama aliifungua kwenye meza yangu ya pasi, na kwa kuwa huongeza sauti ya simu mpaka mwisho, mtaa ukasogea. Dada kamwamkia shikamoo. Kampa pole ya goti. Kasema swali lake limesikilizwa na kikao kizima na wamekosa jibu. Kwenye ramani yao kilango kile ni cha mafundi wa reli tu. Hakuna aliyejua kwamba wagonjwa wanapita. Akaomba mama amweleze huwa anapita saa ngapi, na kama wapo wengine.

Nilimwangalia kinyozi. Alikuwa ameacha mdomo wazi. Akasema polepole, kama mtu anayeongea na sahani yake, wamemjibu. Mama wa duka la dawa akasema, wamempa na shikamoo. Wakaiomba isikilizwe tena. Mama mkwe akaicheza tena, akaketi vizuri zaidi.

Ujumbe haukuwa umeisha. Dada aliongeza jambo la pili. Mitambo yao inaonyesha watu wengi wa mtaa huo wanafungua ukurasa, wanaandika maoni, kisha wanayaondoa wao wenyewe. Imetokea sana Jumanne. Ofisi ina wasiwasi. Je, kuna mtu anawatisha wananchi? Waseme bila hofu, majina hayatatajwa.

Watu wakatazamana. Halafu wakanitazama mimi. Nikageuza kola upande wa pili, ingawa ilikuwa tayari imenyooka.

Mke wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, akaomba aone huo ukurasa. Akauangalia. Akaangalia kitufe cha kijani. Akaangalia cha kijivu. Kisha akasema kwa sauti ile anayotumia kwa watoto waliojimwagia uji: darasani kwangu nikisema toeni viatu mlangoni, hajawahi kutokea mtoto akaniletea viatu vyake zawadi.

Muuza magazeti ndiye aliyeanza kucheka, na akicheka yeye hawezi kusimama peke yake, alimshika kinyozi, kinyozi akalishika pazia la mama wa duka la dawa lililokuwa bado kwenye kamba yangu.

Maoni yametolewa! Yote. Ya shati, ya suruali, ya taulo. Na historia yangu ya reli.

Nimewaeleza kwamba kosa ni la baraza, Kiswahili chao kina mitego. Wamekubali kwa heshima, huku wakifuta machozi ya kicheko. Jambo moja limenifariji. Sentimita alikuwa amekaa kimya mno. Nikamuuliza, mwanyumba, vile vipimo vyako baraza wamevionaje? Akaanza kukunja tepu. Naye alitoa! Alifuata maelekezo yangu, neno kwa neno. Ninalala na furaha hiyo kama shuka safi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mwisho. Nilidhani watu watakuwa wamechoka na mimi, na reli, na baraza zima. Nilipofungua kibanda nikakuta wameshakaa kwenye ndoo zangu nilizozipindua chini juu, simu mkononi, wanauliza cha kijani ni kipi.

Sikuahidi pasi kwa mtu. Sikuanzisha mjadala. Nilikatazwa na mke wangu nisianzishe chochote, na nimetii mpaka mchana.

Wanaandika, wanawasilisha, na kila yanapojitokeza kwenye ukurasa wanayasoma kwa sauti. Dada wa ofisi yuko macho leo, anajibu. Si kila mmoja, lakini wa kutosha kumfanya wa pembeni naye avute simu. Kinyozi kaandika: "Mkifunga, nywele za upande wa pili zitarefuka na siku zangu zitafupika." Dada akamjibu kwamba wote ofisini wamecheka na wameliandika. Kinyozi kasahau kabisa kwamba ana mteja ndani, nusu ya kichwa. Mteja katoka na shuka shingoni, na yeye kaandika.

Kuna mama mmoja anayeuza mboga karibu na kilango, alikuwa amekaa pembeni bila kuandika. Alisema herufi zake zinakimbiana, watamcheka. Mama mkwe akamwambia mimi walinijibu na goti langu limepinda, watashindwaje na herufi zako? Mama mboga kaandika mistari miwili. Kajibiwa kwa neno moja, "tumeelewa", akalisoma, akafunga simu, akaifungua tena kuona kama bado lipo.

Nimekaa na pasi yangu nikiwatazama. Watu wale wale niliosema hawataki. Waliandika tangu Jumatatu, maskini, kila siku, na hakuna aliyewajibu kwa sababu nilikuwa nimewafundisha kuandika hewani.

Saa kumi nikakumbuka yangu. Nikaiandika upya historia ya reli. Ukurasa ukakataa: maoni yamezidi urefu. Nikakata wakoloni. Yamezidi. Nikakata ujenzi wa daraja. Yamezidi. Watu wakaanza kuniambia mzee, saa inakwenda. Sentimita akajitolea kunipunguzia upindo. Mwisho nilibaki na: "Msikifunge. Dobi." Nikabonyeza kijani.

Dada kajibu: "Asante, dobi. Tumekupata."

Sijui kwa nini nimeisoma mara nyingi hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Karatasi mpya kilangoni. Hawafungi! Wataweka taa na mlinzi wa kuzuia watu treni inapopita, watajaribu hivyo kwa miezi mitatu, kisha watauliza tena. Si ushindi wa milele, lakini kesho goti litapita.

Wauguzi wamepita asubuhi na vifurushi vya sare. Nimevipokea kwa mikono miwili. Mmoja kaniuliza kama macho yangu yana tatizo. Nimemwambia ni mvuke wa pasi.

Baraza limeomba mtaa uchague mtu mmoja wa kufuatilia mambo nao mtandaoni. Tulikutana jioni mbele ya kibanda cha kinyozi. Nilikuwa nimevaa shati langu zuri. Sentimita alikuwa amevaa suti aliyojishonea. Kabla hatujakohoa, kinyozi kamtaja Mama mkwe, mikono yote ikapaa. Mama alisema atakubali kwa sharti moja, akiongea kwenye simu wakwe zake wote wawili wakae mbali.

Akatugeukia mimi na Sentimita. Alisema tumejitahidi. Nadhani alisema tumejitahidi. Sentimita anashikilia kwamba alisema "amejitahidi" na alikuwa anamwangalia yeye. Tumebishana hadi nyumbani.

Jumanne, 11 Machi

Mama mkwe amekwenda hospitalini, kupitia kilangoni, kwa mwendo wake, na mlinzi mpya kampa mkono avuke. Nimemwangalia mpaka amefika ng'ambo.

Baraza limefungua ukurasa mwingine. Safari hii ni taka: lori lipite asubuhi au jioni? Mtaa mzima tayari unaulizana. Mke wangu anasema tuwaache watu wenyewe, wameshaona kwamba wanasikilizwa, inatosha. Ana moyo mzuri, lakini hajui siasa. Watu wana kazi zao. Tatizo lao ni muda, na muda ndio ninaoweza kuwasaidia.

Nimeamua kuwaandikia mimi, kila mmoja kwa jina lake, ili wasisumbuke. Sijamgusa Mama mkwe. Nimeanza na kinyozi, nimeshawasilisha. Anaunga mkono lori la asubuhi kwa moyo wake wote, na hoja zake ni nzito, sikujua kama anaweza kufikiri hivyo. Nikimwona kesho nitamwambia.